Wanaokunywa Wakati wa Tuo

Nilifika nchi ya Mwendo mwezi uleule tuliomzika kaka yangu Lukindo. Njia niliyopita siikumbuki vizuri kiasi cha kuieleza. Niseme tu kwamba mama alikuwa hajaiondoa chupa ya dawa ya kuchua pale dirishani, nami nilishindwa kuendelea kuitazama, nikaondoka. Haya ninayoyaandika ni yale niliyoyaona huko, nayaandika yasije yakanipotea.

Mwendo ni nchi ndefu, iliyolala kwenye mteremko. Juu kabisa kuna Baraza, na wenyeji hupaita Kichwani. Chini kabisa kuna wilaya mbili za wakanyagaji, watu wa mapaja mazito, ambao kazi yao ni kukanyaga gurudumu kubwa la mbao. Katikati, kushoto kidogo, ipo Nyumba ya Pampu. Nchi haina mto wala mvua. Maji ni yaleyale siku zote, yanatoka kwenye Pampu kwa mifereji mipana inayogawanyika mpaka ikawa myembamba kama unywele, kisha yanarudi kwa mifereji mingine, na kuanza tena. Mtoto wa Mwendo akizaliwa, jambo la kwanza analofundishwa ni kunyamaza ili asikie Pampu.

Gurudumu la wakanyagaji halisagi nafaka wala halivuti mzigo. Linapandisha bendera. Nilidhani sikusikia sawasawa, nikauliza tena, nikajibiwa vilevile. Ng'ambo ya bonde kuna nchi nyingine yenye bendera yake, na kila mwaka, Siku ya Bendera, Mwendo lazima ipandishe ya kwake juu kuliko ile. Mlingoti una ngazi tano. Katika ngazi ya kwanza gurudumu hukanyagwa kama mtu anayetembea kwenda sokoni. Katika ngazi ya tano hukanyagwa kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Bendera ikishafika juu hukaa huko mpaka jioni, halafu hushushwa na kukunjwa. Mwaka mzima unaobaki gurudumu halikanyagwi. Watu wanakaa.

Nilipewa makao kwa mwanamke aitwaye Nakiete, katika mkoa unaoitwa Mkono wa Kushoto. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza katika mkoa ule, ukuta kwa ukuta na Nyumba ya Pampu, na chumba nilicholala kilikuwa na dirisha la kuchungulia ndani humo. Alikuwa mtu wa maneno machache. Aliniuliza kama nimefiwa, nikasema ndiyo, naye hakuuliza zaidi. Alinisogezea chakula.

Mkoa huo ndio wenye desturi iliyonishangaza kuliko zote. Wasukumaji wa Pampu wanatoka katika ukoo mmoja na watu wa Mkono wa Kushoto. Sheria ya zamani sana inamkataza msukumaji kulalamika akiwa kazini, na kwa kuwa msukumaji yuko kazini siku zote, vizazi vilipita wakasahau kabisa namna ya kulalamika. Basi msukumaji akishikwa na kiu, anayeumia ni ndugu yake aliye Mkono wa Kushoto. Maumivu huanzia begani, hushuka mpaka kidole cha mwisho, na yakizidi hupanda tayani. Ndugu huyo hulia kwa niaba yake.

"Sisi ndio mdomo wao," Nakiete aliniambia, bila kujivuna wala kulalamika.

Yeye alikuwa mdomo wa mdogo wake, Sebunga.

Siku ya pili alinipeleka kumwona. Kuta za Nyumba ya Pampu si za mawe. Ni watu. Wanaume kwa wanawake wamesimama bega kwa bega, safu juu ya safu, mikono imefungamana, wamezunguka vyumba vilivyojaa maji. Wote kwa pamoja huminya, na maji hutoka. Wote kwa pamoja hulegea, na maji mapya huingia. Huko kulegea wanakuita tuo. Sebunga alikuwa kiongozi wa kundi la ukuta wa mbele, kijana wa shingo nene na meno yenye mwanya.

"Karibu, mgeni," alisema wakati wa tuo. "Usiegemee hapo, utakamuliwa kama limau." Aliminya na wenzake, akalegea, akaendelea pale alipoachia. Ndivyo wanavyoongea huko, vipande vipande, na ukizoea huoni tena. "Dada amekupa chakula? Mwangalie vizuri. Anapika kidogo halafu anauliza kama umeshiba."

Nakiete alimwambia afunge mdomo, naye akacheka.

Ndipo nilipoona wanavyokunywa. Maji yote ya nchi yanapita mbele ya vifua vyao na hawaonji hata tone. Ya kwao yanakuja kwa mirija midogo inayopita nyuma, migongoni mwao. Ukuta ukiminya, mirija nayo hubanwa na maji hukatika. Ukuta ukilegea, mirija hufunguka. Kwa hiyo mtu wa Pampu hunywa wakati wa tuo tu. Siku za kawaida tuo ni refu. Pembeni mwa Pampu huketi mzee mmoja ameshika kamba, na kazi yake yote maishani ni kuivuta taratibu ili mwendo usiharakishwe. Siku ya Bendera hapewi kazi nyingine. Anaambiwa aachie tu.

Mrija wa kundi la Sebunga ulikuwa na ukoko ndani. Alinitajia jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja mlango wake unaokwaruza sakafu. Nilimuuliza kama wakaguzi wanajua. Akasema wakaguzi huja kila mwaka, huja siku ya mapumziko, mzee akiwa ameshika kamba na tuo likiwa refu. Huweka kidole kwenye mdomo wa mrija, huona maji yanatoka, husema yanatosha, nao huenda kula. Hawasemi uongo, maana siku hiyo yanatosha kweli.

"Na Siku ya Bendera?"

"Siku ya Bendera hawakagui. Wanakaa jukwaani." Aliminya, akalegea. "Mwaka jana ngazi ya nne maji yalinifika mdomoni yakakatika. Mimi nilisukuma tu. Dada ndiye aliyepiga kelele huko nje. Ana sauti nzuri, dada. Walimsikia mpaka Jikoni, wilaya ya wapishi."

Nakiete hakucheka. Alisema mwaka huu ukoko umezidi, kwa kuwa mkono unamuuma hata akipanda ngazi za nyumba yake. Akasema ataenda Kichwani kuomba bendera iishie ngazi ya tatu.

Kwa mara ya kwanza nilimwona Sebunga amekasirika.

"Dada, usinidhalilishe. Watasema ukuta wa mbele umeomba kupumzika."

"Sitakutaja."

"Utasema nini, basi?"

"Nitasema mkono unauma."

Sebunga alifikiri kwa tuo moja zima. Akasema hiyo sawa.

Tulipanda Kichwani kesho yake. Katika njia ile niliona kwamba kila wilaya hupata maji kulingana na kazi ya siku, isipokuwa Kichwani. Sheria inasema bilauri za Baraza zisijazwe zaidi wala zisipunguzwe, liwe jua, iwe sherehe, iwe watu wa Jikoni wamefungiwa mfereji na vyungu vyao vimeachwa na chakula kibichi nusu. Wajumbe hawajawahi kuiona bilauri tupu, na nadhani ndiyo maana wanaongea bila haraka.

Aliyetupokea ni mjumbe mkuu, Mheshimiwa Ngwilizi, mtu mpole, mwenye macho mekundu kidogo ya kusoma. Alimwita Nakiete "mama yangu." Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akampa kiti, akampa pole. Halafu shauri likaingizwa barazani, nami nikaruhusiwa kukaa nyuma.

Walijadili mkono. Mjumbe mmoja aliona maumivu yanatokana na baridi ya kwapani na akapendekeza mikono ya nguo irefushwe. Mwingine aliona ni namna ya kulala. Mjumbe kijana aliyekaa pembeni alisimama akauliza kwa nini Mkono wa Kushoto uume Siku ya Bendera, wakati mkoa huo haukanyagi gurudumu wala haufanyi lolote siku hiyo. Ngwilizi alimjibu kwa upole kwamba ndiyo sababu yenyewe. Asiyefanya kazi ana nafasi ya kusikiliza mwili wake.

Kijana hakukaa. Alisema nchi ya ng'ambo hukanyaga kidogo kila siku, ngazi ya kwanza na ya pili, kisha hupumzika, na inasemekana kuta za Pampu yao zimepanuka, zinasukuma maji mengi kwa mara moja, na tuo lao ni refu hata bendera ikiwa juu. Kwa nini Mwendo wakae mwaka mzima, halafu siku moja wapande mpaka mwisho?

Hapo Baraza lilinung'unika. Ngwilizi alisema Siku ya Bendera ni siku ya heshima, na heshima haifanyiwi mazoezi.

Nilimkumbuka Lukindo. Alikuwa fundi cherehani, alikaa kwenye kigoda chake kuanzia sikukuu mpaka sikukuu, na kila mwaka alikimbia mbio za kilima kwa kuwa wa mtaa wa pili walimcheka tumbo. Hospitalini walimpima kabla ya mbio, alijisifia hilo. Walimpima akiwa amelala kitandani.

Kwa desturi ya huko mgeni anaruhusiwa swali moja. Nilisimama nikauliza kama Nyumba ya Pampu inaweza kukaguliwa Siku ya Bendera yenyewe, bendera ikiwa ngazi ya nne. Sikutaja jina la mtu. Ngwilizi alinishukuru, akasema ni swali zuri sana, na kwamba wageni hujibiwa wakija mara ya pili.

Uamuzi ulikuwa huu: mapipa mawili ya dawa ya kuchua yapelekwe Mkono wa Kushoto, pamoja na mchuaji wa serikali. Bendera itapanda ngazi zote. Nakiete alishukuru kama inavyopaswa. Tukiwa njiani nilimuuliza kwa nini hakusema ni Pampu. Akasema angeweza kumwokoa Sebunga kwa njia ambayo Sebunga asingemsamehe, na alikuwa na tumaini kwamba dawa labda itafika huko ndani.

Siku ya Bendera nilikaa naye chumbani, karibu na dirisha. Kutoka pale tuliona mgongo wa Sebunga na mrija wake, na kwa mlango wa mbele tuliona mlingoti. Mchuaji alikuwa amefika mapema, mtu nadhifu, kakunja mikono ya shati.

Ngazi ya kwanza mzee aliachia kamba, na Pampu ikaharakisha kama mtu aliyeitwa. Milango ya mifereji ya chini ilifunguliwa wazi, ya Jikoni ikabanwa, na moshi wa huko ukakatika. Wakanyagaji walikanyaga, na kila walipokanyaga nyayo zao zilibana mifereji ya kurudi, maji yakapanda yenyewe kuelekea Pampu. Vyumba vilijaa zaidi. Ngazi ya pili kuta zilitanuka na kuminya kwa nguvu ambayo sijaona mfano wake. Ilipendeza, sikatai. Joto la kazi lilisambaa, mifereji ya mpakani ikafunguliwa, na nchi nzima ikatoa jasho na kung'aa. Sebunga aligeuka akatukonyeza. Nakiete alikuwa ameshika bega lake kwa mkono mwingine, lakini alimtikisia kichwa kwamba haliumi.

Ngazi ya tatu vyumba vilifika mwisho wa kutanuka. Kila msukumo ulibeba kiasi kilichowezekana, na hakukuwa na nafasi ya tone zaidi. Yeyote anayetaka maji zaidi baada ya hapo anaweza kuongeza haraka tu. Na haraka haina pa kutoka isipokuwa kwenye tuo.

Wapiga ngoma wa Kichwani waliingia. Ngazi ya nne.

Nilimwona Sebunga akilaza kichwa nyuma kuufuata mrija, na kabla hajameza ukuta ukaminya. Akajaribu tena. Wenzake wa kuta nyingine walikuwa wanapata mafunda madogo, kwa kuwa mirija yao ilikuwa safi. Wake ulihitaji tuo refu, na tuo lilikuwa limekuwa kama kupepesa jicho. Nakiete alianza kulia. Haikuwa sauti nzuri. Mchuaji alichota dawa, akaanza begani, akashuka taratibu kwa ustadi, akimwambia alegeze vidole.

Nilimwambia mchuaji kwamba mtu wa pale dirishani hanywi. Aliinua macho, akatazama.

"Huyo halalamiki," alisema, akaendelea kuchua.

"Nenda uwaambie wapige ngoma polepole," Nakiete alisema. Maumivu yalikuwa yamefika tayani na maneno yalitoka kwa shida. "Nakuomba, baba. Siyo mkono. Ni mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja mbele ya mtu wa serikali. Mchuaji alimtazama kwa huruma ya kweli, na sikuona ubaya wowote usoni mwake.

"Mama, mimi nimetumwa mkononi."

Nilitoka mbio hadi lango la Pampu. Mlinzi aliniuliza kama ndani kuna aliyelalamika. Nikasema hapana. Akasema basi nirudi kwa mwenyeji wangu, niangalie bendera, inapita ngazi ya nne.

Niliporudi bendera ilikuwa inapanda ya tano, na Nakiete alikuwa amenyamaza. Alikuwa ameketi wima, anautazama mkono wake wa kushoto. Alifungua vidole, akavifunga. Akavifungua tena.

"Umetulia?" mchuaji aliuliza.

"Umetulia," alisema Nakiete.

Mchuaji alifuta mikono yake kwa kitambaa, jasho linamtiririka, ameridhika. Nje watu walishangilia. Nilichungulia dirishani. Ukuta wa mbele uliminya, lakini mahali pa kundi la Sebunga hapakuminya. Walikuwa wamesimama, mikono imefungamana na wenzao, vichwa vimeegemea nyuma kwenye mrija. Wenzao wa pembeni waliwavuta na kuwasukuma, wakibeba sehemu yao.

Bendera ilipofika juu Baraza liliamuru wakanyagaji wasimame palepale kwa heshima, asitikisike mtu. Gurudumu lilisimama ghafla. Maji yaliyokuwa chini yalibaki chini, hakukuwa na nyayo za kuyapandisha. Kwa mara ya kwanza bilauri za Kichwani zilipungua, na wajumbe kadhaa walianguka kutoka kwenye viti vyao. Ilitangazwa kwamba wamezidiwa na furaha ya taifa.

Tangazo la jioni nililisikia kwa masikio yangu. Mheshimiwa Ngwilizi alisema bendera ilifika ngazi ya tano, kwamba Mkono wa Kushoto ulitulia kabla ya mwisho wa sherehe, na kwamba dawa imefanya kazi. Mwaka ujao mapipa yataongezwa. Alimtaja Nakiete kwa jina na kumshukuru kwa kutoa taarifa mapema.

Huko wasukumaji waliokufa hawaondolewi. Hukauka wakiwa wamesimama, hugeuka kitu kama ngozi ya ngoma, na ukuta huendelea kuwazunguka. Hawasukumi tena, lakini wanazuia maji yasivuje. Hakuna msiba, maana msiba hutangazwa na mkono, na mkono umetulia. Pampu iliendelea kupiga, kwa mwendo wenye kasoro kidogo, na nilisikia watu wakisema umekuwa mwendo wa heshima zaidi. Wakaguzi walikuja siku mbili baadaye, tuo likiwa refu, wakaweka kidole kwenye mrija. Maji yalitoka. Walisema yanatosha.

Nakiete aliniuliza kwetu tunafanyaje. Nikamwambia tunazika, halafu tunakaa chini kwenye mkeka, watu wanakuja wanakaa nasi, na tunamtaja. Akatandika mkeka chini ya lile dirisha. Akaniuliza jina la wangu. Nikamwambia Lukindo, fundi nguo, alikuwa akiweka pini mdomoni na kuongea hivyohivyo, tukimwambia atazimeza. Akalirudia jina hilo. Kisha akasema la kwake, Sebunga, na kwamba utotoni alikuwa haachi kumtania upishi wake. Tulikaa pale, tukisikiliza Pampu kama wanavyofundishwa watoto wa huko. Majirani walipita, wakatuona tumeketi chini, na hawakuelewa tunafanya nini. Mmoja alimuuliza Nakiete kama mkono umerudi kuuma. Akasema hapana, hauumi hata kidogo, na hapo ndipo alipolia kwa ajili yake mwenyewe. Ilikuwa sauti nyingine kabisa.

Niliondoka siku iliyofuata.

Nyumbani chupa ilikuwa palepale dirishani, imebaki nusu, kifuniko kimepata vumbi. Mama aliniuliza kama nimekula. Kisha tukakaa, naye akanisimulia tena jioni ya siku ya mbio, kama anavyoisimulia kila siku. Kwamba Lukindo alirudi na medali ya bati shingoni, amechoka, akasema mkono wa kushoto unamsumbua, labda ameuangukia kilimani. Kwamba yeye mama alimkalisha hapa, kwenye kigoda hiki, akamchua kuanzia begani mpaka vidoleni, taratibu, mpaka dawa ikakolea.

"Na ilimsaidia," mama alisema. "Hilo tu ndilo linalonipa nguvu. Aliniambia mwenyewe kabla hajaenda kulala. 'Mama, umetulia.'"

Nilisema ndiyo, mama. Nikaichukua ile chupa, nikafuta vumbi kwenye kifuniko, nikairudisha dirishani.